Kigari cha Mtoto: Mafunzo Niliyopata kati ya Sinza na Kigamboni

Dukani kila kigari cha mtoto kinateleza. Sakafu ni ya vigae, feni inazunguka, na muuzaji anakisukuma kwa kidole kimoja huku akikuambia, "Ona mwenyewe, kaka, kinakwenda chenyewe." Ni kweli kinakwenda. Shughuli huanza kikishatoka nje na kukutana na Dar es Salaam.

Mimi na mke wangu tunakaa Sinza, ghorofa ya pili, nyumba isiyo na lifti. Mama mkwe anakaa Kigamboni, ng'ambo ya maji. Kati ya ngazi zetu na baraza lake kuna mchanga, lami, mwendokasi, pantoni, kisha mchanga tena. Kigari chetu kimepita kote huko. Mengi ninayoandika hapa nimeyajua njiani, mengine nimeambiwa na mafundi, na machache nimeyasoma usiku, mtoto akiwa kifuani hataki kulala. Sitakutajia chapa ya kununua. Wewe huenda unakaa Mbezi penye mlima, au Moshi, au Mombasa, na kigari kinachonifaa mimi kinaweza kukutesa wewe.

1. Pima njia kabla ya kwenda dukani

Mke wangu alipokuwa mjamzito nilitembea kutoka mlangoni kwetu hadi kituo cha Shekilango nikitazama chini tu, kama mtu aliyeangusha ufunguo. Njia niliyoipita miaka yote nikaiona upya. Mbele ya geti mchanga mlaini. Mbele kidogo mtaro uliofunikwa kwa vipande vya zege, na kati ya kipande na kipande pengo. Matuta yaliyojengwa na wakazi wenyewe bila kumwuliza mtu. Kisha kipande kizuri cha pevingi, na juu ya pevingi hiyo magari yameegeshwa, kwa hiyo mwenda kwa miguu anashuka barabarani apende asipende. Orodha hiyo ndiyo niliyoingia nayo dukani, na ilifuta zaidi ya nusu ya vigari vilivyokuwa vimepangwa.

Kinachoamua ni gurudumu. Lile dogo la plastiki, lenye kipenyo cha sentimita 12 au 15, limekusudiwa maduka makubwa na viwanja vya ndege. Kwenye mchanga linazama, nawe kadiri unavyosukuma ndivyo linavyozidi kuzama, kwa sababu mikono yako iko juu na nyuma, na nguvu yake inashuka mbele na chini. Kwenye pengo la mtaro linatumbukia zima. Gurudumu la sentimita 25 au 30 hupita juu ya vyote hivyo. Mwaka 1984 Mmarekani Phil Baechler alifunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari ili aweze kukimbia na mwanawe, na kutoka hapo vikaenea vigari vya magurudumu matatu vya wakimbiaji. Sijaona mtu akikimbia na kigari Sinza, lakini kwa mchanga wetu hata anayetembea polepole anahitaji kile alichokihitaji Baechler.

Jambo la pili ni magurudumu ya mbele yanayozunguka pande zote. Ni raha kwenye vigae. Kwenye changarawe yanatikisika na kugeukia yanakotaka yenyewe. Tafuta kigari chenye kitufe cha kuyafunga yatazame mbele. Na mchanga ukizidi, acha kusukuma: kigeuze, ukivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Hili sikulisoma popote. Alinionyesha kijana anayepeleka madumu ya maji kwa mkokoteni mtaani kwetu, baada ya kunitazama kwa muda na kunionea huruma.

Pima pia upana. Vigari vingi vya mtoto mmoja havizidi sentimita 60 au zaidi kidogo, lakini vile vya mapacha vinavyokalisha watoto bega kwa bega vinaweza kushindwa kupita kwenye mlango mdogo wa geti lako mwenyewe.

2. Tairi la upepo lina fundi wake

Magurudumu yako ya aina tatu: plastiki ngumu, povu gumu, na tairi la upepo. Povu halipati pancha na kwa watu wengi linatosha. La upepo humeza mitikisiko kuliko yote, mtoto analala hata kwenye barabara ya vumbi, ila Dar ina miiba, misumari na vipande vya chupa.

Kabla ya kununua chenye tairi la upepo, soma maandishi ubavuni mwa tairi. Ukikuta 12½ x 2¼, umesalimika, kwa kuwa ndicho kipimo cha baiskeli nyingi ndogo za watoto, na tyubu yake inapatikana kwa wauza vipuri vya baiskeli. Ukikuta kipimo cha ajabu, jiulize tyubu utaipata wapi. Tazama pia valvu. Nyingi za vigari ni za aina ya valvu ya gari, hivyo hata kituo cha mafuta watakujazia, lakini shina lake mara nyingi limepinda, kwa sababu kichwa cha pampu hakipati nafasi kati ya spoki. Ukibadilisha tyubu mwambie fundi atafute yenye shina la namna hiyo hiyo. Na pale kituo cha mafuta simama karibu: mashine iliyozoea matairi ya malori inaweza kuipasua tyubu ndogo kwa kufumba na kufumbua.

Fundi baiskeli wa kijiwe chetu alikipindua kigari, akazungusha gurudumu, akasikiliza beringi, akasema, "Mzee, hii baiskeli tu, haina pedeli." Tangu siku hiyo sijatafuta fundi mwingine.

3. Utakibeba kuliko unavyodhani

Hili wauzaji hawalisemi. Siku ya kwenda Kigamboni kigari chetu hushushwa ngazi, huinuliwa kuvuka mtaro, hukunjwa kuingia nyuma ya bajaji tukiwa tumechelewa, na jioni hupandishwa ngazi zilezile na watu waliochoka. Kwa hiyo usiridhike na kukisukuma. Kikunje, kishike kwa mkono mmoja, mkono wa pili upakate mfuko wa unga wa kilo 5 mahali pa mtoto, kisha panda ngazi. Duka likiwa halina ngazi, ziko jirani. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke, hatakuwepo utakapokuwa unapanda za kwako.

Kigari cha kwanza kinachotajwa sana kwenye historia kilibuniwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent, kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, na kilikusudiwa kuvutwa na mbuzi au farasi mdogo kwenye bustani za jumba. Hakuna aliyefikiria kukibeba. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1965, ndipo Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyewahi kushughulikia miguu ya magurudumu ya ndege ya kivita ya Spitfire, alipobuni kigari cha bomba za alumini kinachokunjika kwa mtindo wa mwavuli, chenye uzito wa kilo 3 hivi. Alikuwa amemwona binti yake akihangaika na kigari kizito safarini. Vile vyepesi vya kukunja unavyoviona leo mikononi mwa wasafiri vimetokana na wazo hilo.

Hapa ndipo fundisho la kwanza na hili la tatu yanapogombana. Magurudumu makubwa yanaongeza uzito na yanakula nafasi kikikunjwa. Vigari vingi huwa kati ya kilo 6 na kilo 15, na kati ya namba hizo mbili kuna maisha mawili tofauti. Ukikaa chini na njia yako ni ya mchanga, chukua magurudumu, uvumilie kilo. Ukikaa juu na safari zako ni za gari, chukua chepesi, na mchangani utambeba mtoto. Sisi tuna vyote viwili, ngazi na mchanga, tukaangukia katikati: kilo 11, magurudumu makubwa nyuma na madogo kiasi mbele. Ngazi zinatukumbusha uamuzi huo kila jioni, ila mchanga ungetukumbusha vibaya zaidi.

Uliza pia nani hasa atabeba. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa kwa wiki kadhaa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Kwa wiki hizo kigari cha kilo 11 si chake hata kama alikichagua yeye. Ni cha baba, au cha dada wa nyumbani, au cha kijana wa jirani. Dada anayetusaidia sisi ni mwembamba na ana nguvu kunishinda, lakini alikuwa wa kwanza kuuliza swali la maana: kinakunjwa kwa mkono mmoja au miwili? Maana mkono mwingine, alisema, utakuwa na mtoto.

4. Mshikio

Mimi ni mrefu, mke wangu ni mfupi. Mshikio usiopanda wala kushuka utamuumiza mgongo mmoja wetu. Jaribuni wote mnaotarajia kukisukuma, na mwende dukani pamoja. Watu wa kijiwe cha bodaboda watamwita "baba lao" mwanaume anayesukuma kigari, na wengine watauliza kama mama amesafiri. Wiki mbili tu, kisha wanazoea, na wanaanza kukuuliza ulikinunua wapi.

5. Mtoto mchanga alale, asikalishwe

Mtoto wa wiki chache hawezi kuikaza shingo yake. Akikalishwa wima kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inabanwa. Kwa hiyo kigari cha mtoto mchanga lazima kiwe na kitanda, au kiti kinacholala karibu tambarare. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1888 kinataka kiti cha mtoto wa chini ya miezi 6 kifunguke angalau nyuzi 150 kati ya mgongo na kalio. Nyuzi 180 ndiyo kulala kabisa. Dukani sikubeba kipimo cha nyuzi. Nilikilaza kiti nikaweka chungwa kwenye sehemu ya kichwa. Lilibingirika polepole mno, nikaridhika.

Kuna zile seti za tatu kwa moja: fremu, kitanda, kiti, na juu yake kiti cha gari kinachopachikwa kwenye fremu hiyo hiyo. Kwa macho ni kitu cha kifahari na akina wifi wanaipenda. Mwenye gari atafaidi kile kiti cha gari, ila kiti cha gari ni cha garini. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mtoto asikae humo zaidi ya saa 2 mfululizo, na mchanga kabisa hata muda huo ni mrefu. Kumtoa garini akiwa amelala, ukampachika kwenye fremu na kuzunguka naye sokoni mchana kutwa, ndiyo matumizi ambayo picha ya kwenye boksi inakuonyesha, na ndiyo usiyopaswa kuyafanya.

Kitanda nacho kilinipa mawazo. Kwa mila ya nyumbani kwetu mama na mtoto hawatoki ovyo kabla ya arobaini, na safari za kliniki za siku hizo mtoto anapakatwa. Baada ya hapo kinabaki kipindi kifupi tu kabla mtoto hajakijaza kitanda kizima, maana kufikia miezi 6 hivi anaanza kukaa. Kulipia kitanda cha kutumia kipindi hicho, wakati kiti kinacholala vizuri kinafanya kazi hiyo na kinaendelea miaka miwili mbele, hakukuniingia akilini. Rafiki yangu anayekaa Uingereza aliniona bahili. Kwake, ambako mtoto wa siku kumi anasukumwa bustanini na kulala humo nje, kitanda kina hesabu nyingine.

6. Kanga juu ya kigari

Huku kwetu mtoto akiwa kwenye kigari lazima apitie mtu amfunike kwa kanga. Sababu ni tatu: jua, vumbi, na macho ya watu. Hiyo ya tatu haisemwi kwa sauti, lakini mama mkwe wangu akikuta mtoto yuko wazi mbele ya watu asiowajua, kanga inashuka kabla hata hajaitikia shikamoo.

Mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Uswidi lilijaribu jambo hili siku ya kiangazi. Kigari kikiwa juani bila kufunikwa, joto ndani lilikuwa nyuzi 22. Kilipofunikwa kwa kitambaa chepesi lilifika 34 kwa nusu saa na 37 kwa saa nzima. Hiyo ni Stockholm. Dar kati ya Desemba na Machi tunaanza na nyuzi 30 na zaidi kabla ya kufunika chochote. Kitambaa kinazuia jua lakini kinazuia pia hewa isipite, na mtoto mchanga hawezi kupoza mwili wake vizuri wala kukuambia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha baadaye kwamba kitambaa chepesi kikiloweshwa maji hupunguza joto badala ya kuliongeza, hasa kikisaidiwa na feni ndogo, mradi uendelee kukilowesha. Ninaamini, ila maji hupoza pale yanapokauka, na hewa ya pwani yetu tayari imejaa unyevu, kwa hiyo sitegemei faida ya Sydney yote inifikie Sinza.

Ndiyo maana kwenye kununua tulitazama kivuli kirefu kinachoshuka hadi karibu na miguu, chenye dirisha la wavu nyuma, na kitambaa cha rangi isiyo nyeusi. Nyeusi inapendwa kwa kuwa haionyeshi uchafu, na juani inageuka jiko. Gusa pia bakoli ya mkanda kabla ya kumrudisha mtoto kitini. Ikiwa ya chuma na imekaa juani, itamuunguza paja. Kuhusu macho ya watu tulifikia mapatano na mama mkwe: chandarua chepesi. Hewa inapita, mbu hapiti, na sura ya mtoto haionekani vizuri kwa mbali.

7. Moshi uko chini

Simama nyuma ya daladala linalosubiri abiria uone bomba la moshi liko usawa gani. Liko usawa wa uso wa mtoto aliyekaa kwenye kigari kifupi. Mwaka 2018 Prashant Kumar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walieleza kwamba mtoto wa kwenye kigari, ambaye pua yake huwa kati ya sentimita 55 na 85 kutoka ardhini, anaweza kuvuta hewa chafu kwa asilimia 60 zaidi ya mtu mzima anayemsukuma.

Kiti kilichoinuka kinasaidia. Lakini kinachosaidia zaidi ni bure: kupita mitaa ya ndani hata kama inazunguka, na kwenye kivuko kusimama hatua kadhaa nyuma ya ukingo mpaka njia iwe wazi, badala ya kutanguliza kigari barabarani kama kionja maji. Bodaboda hawasimami kwa ajili ya gurudumu la mbele.

8. Akutazame au atazame mbele?

Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskochi, alichapisha utafiti mwaka 2008 baada ya wazazi na watoto zaidi ya 2,700 kuangaliwa mitaani. Wazazi ambao watoto wao waliwatazama walizungumza nao takriban mara mbili ya wale ambao watoto wao walitazama mbele. Kiti kinachogeuzwa huongeza uzito na bei. Ukikipata ndani ya uwezo wako kichukue kwa miezi ya mwanzo. Wetu alipofikisha mwaka alikataa kabisa kututazama. Alitaka kuona kuku, na Sinza ina kuku wa kutosha.

9. Mtumba hukaguliwa kwa mikono

Vigari vingi vizuri mjini ni vya mtumba, vimekuja na kontena pamoja na baiskeli za watoto na viti vya kulia. Sina neno baya na mtumba. Kigari kilichotumika Ulaya mwaka mmoja kwenye lami kina maisha marefu mbele kuliko kipya cha bei ya chini chenye fremu nyembamba. Ila "grade one" ya mdomoni haina mkanda wala breki.

Kwanza kikunje na kukikunjua mara kadhaa, usikilize. Kila upande una kufuli lake, na unapaswa kusikia zote mbili zikifunga. Kisha gandamiza mshikio kwa nguvu: fremu ikilegea katikati, ondoka. Kitu kinachojikunja chenyewe mtoto akiwa ndani si cha kujadiliana bei. Pindua, tazama nati. Ukiona mahali pa nati pamefungwa binding waya, kuna kipuri kilichopotea ambacho hutakipata.

Pili, mkanda. Unatakiwa wa ncha tano: mabegani miwili, kiunoni miwili, mmoja katikati ya miguu. Huo wa katikati ndio unaomzuia mtoto asiteleze chini mkanda ukamshika shingoni, na kwenye mtumba ndio unaokosekana zaidi. Niliambiwa na muuzaji mmoja, "Huo wa chini hauna kazi, bosi, watu wanakata." Nikamrudishia kigari chake.

Tatu, maungio. Mwaka 2009 vigari takriban milioni 1 vya Maclaren, kampuni iliyotokana na yule mhandisi wa Spitfire, viliitwa kurekebishwa Marekani baada ya taarifa za watoto 12 kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba za kukunjia. Wateja walipewa vifuniko vya kitambaa vya kuziba bawaba hizo. Kigari cha umri huo kikikufikia leo kwenye rundo la mtumba, kifuniko hicho huenda hakipo. Na chapa yoyote iwe, peleka kidole chako mwenyewe kwenye kila ungio kabla cha mtoto hakijafika, na wakati wa kukunja mtoto awe mikononi mwa mtu mwingine.

Nne, breki. Weka mzigo kitini, funga breki, sukuma. Magurudumu ya nyuma yote mawili yashike, siyo moja.

Kitambaa kisikukatishe tamaa. Kama kinavuliwa, kitafuliwa kwa sabuni na kuanikwa, na kikichanika fundi cherehani anashona kingine. Fremu ikishapinda hakuna wa kuinyoosha. Na kile kiti cha gari cha mtumba kinachouzwa pembeni yake kiache, kwa kuwa huwezi kujua kama kimewahi kuwa ndani ya ajali, na nyufa zake hazionekani kwa nje.

Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Alumini inavumilia, lakini nati na ekseli za chuma zinashika kutu upesi. Tukirudi Kigamboni kigari kinapanguswa kwa kitambaa chenye maji baridi, na tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli.

10. Breki, mteremko na mifuko

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 yalileta kitu ambacho wenye vigari hatukukiomba: sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Unaingia bila kunyanyua. Nenda saa ambazo watu wametulia, simama pembeni, funga breki, na usiuachie mshikio.

Kwenye pantoni mambo ni tofauti. Mteremko wa kuingilia huwa mkali maji yakiwa yamekupwa, watu wanakimbilia nafasi, na kigari kikikuponyoka hakina pa kusimama. Hapo ule mkanda mdogo wa kuvaa kiwikoni, ambao dukani unaonekana pambo, unapata kazi. Vingine haviji nao. Kipande cha mkanda wa begi kinatosha.

Halafu mifuko. Kila mtu hutundika mifuko kwenye mshikio, na mtoto akiwa ndani kigari kinatulia. Ukimnyanyua tu mtoto, mifuko inakivuta chini chali. Akiwa bado ndani na amejisukuma nyuma, kinaweza kwenda naye. Vitu vizito viweke kwenye kikapu cha chini, na hata hicho kina kipimo chake. Chetu kimeandikwa kilo 5.

11. Mbeleko haikustaafu

Mama mkwe alipokiona kigari mara ya kwanza alikizunguka, akakigonga fremu, akasema, "Kizuri, mwanangu. Sasa mtoto nani atambeba?" Nilidhani ni utani. Ilikuwa ni hoja. Kwenye daladala, kwenye ngazi za zahanati, kwenye njia ya matope ya masika, mbeleko inashinda kigari chochote kilichowahi kutengenezwa. Mtoto anayebebwa mgongoni huku miguu imetanuka na magoti yameinuka juu ya kalio yuko kwenye mkao ambao madaktari wa mifupa wanausifu kwa ajili ya nyonga zake. Anasikia sauti, analala. Na kanga moja haifiki hata nusu kilo.

Kigari kinashinda pale mgongo unapochoka, pale joto linapowaunganisha mama na mtoto kwa jasho, na pale mtoto anapofika kilo 10 na safari bado ni ndefu. Kwa hiyo usinunue kikubwa kwa kudhani kitafanya kazi zote. Nusu ya safari kitakuwa kitupu.

Kwa mama mkwe hakiwi kitupu. Tulikwenda naye sokoni Kigamboni. Mtoto akamfunga mgongoni, kigari nikasukuma mimi. Akanunua nazi, mihogo na ndizi za kupika, akaanza kupanga kwenye kikapu cha chini. Nikamwambia, "Mama, kikapu hicho kimeandikwa kilo 5."

"Na kiti?"

"Kiti kilo 15, mama."

Mihogo ikapanda kitini, akaifunga mkanda ncha zote tano.